Kisanduku cha Saba

Wapiga picha wa safari nawajua kwa viatu. Kabla hujaiona kamera unaviona viatu vya kupandia mlima, kamba nene, soli ya meno, vinakuja taratibu kwenye lami iliyonyooka kana kwamba mwenyewe anaogopa kuporomoka. Aliyenifundisha kuanza na viatu ni Mzee Soli, fundi viatu wa ng'ambo ya barabara. Mwaka huu peke yake wamenijia wapiga picha kumi na mmoja, na wote wanataka kitu kimoja: mimi, mashine yangu ya taipu, na nyuma yangu lile jengo la vioo la ghorofa kumi na nane. Jadi na usasa katika picha moja, wanasema, na kila mmoja anasema kama vile yeye ndiye wa kwanza kuliona jengo. Mpaka leo hakuna hata mmoja aliyeniuliza nilikuwa naandika nini.

Kazi yangu ni kuwaandikia watu barua na kuwajazia fomu. Nakaa kwenye baraza la duka la vitambaa la wifi yangu, mwendo wa dakika tano kutoka ofisi za manispaa, na kwa miaka ishirini na saba watu wameniita Mama Taipu, hata wale wasiojua kama nina mtoto. Nina kompyuta. Nina printa. Barua za kuomba kazi, mikataba ya kupanga vyumba, malalamiko kwa mwenye nyumba, barua za mapenzi za watu wazima wanaoona aibu kuandika wenyewe, zote zinatoka kwenye kompyuta. Mashine ya taipu ninayo kwa sababu moja tu. Fomu za manispaa ni karatasi tatu zilizobanwa pamoja, nyeupe, ya waridi na ya njano, zenye kaboni katikati, na printa ikizipata inazitafuna. Chini kabisa kwa herufi ndogo imeandikwa ijazwe kwa mashine, isifutwe, isirekebishwe, na tangu maneno hayo yaandikwe hakuna aliyejisumbua kuyaondoa. Kwa hiyo kinachoiweka hai mashine yangu si mila wala desturi, ni uvivu wa manispaa. Niliwahi kumweleza hivyo mpiga picha mmoja. Akasema vizuri sana, kisha akaniomba niinue kidevu.

Siku ninayoisimulia ilikuwa Alhamisi. Mzee Soli alivuka barabara saa nane mchana, fomu mkononi, aproni yake ya ngozi bado kiunoni. Nilipoiona ile fomu damu ilinichemka. Wenye jengo la vioo walikuwa wameruhusiwa kupanua njia ya kuingilia magari, na vibanda vyote vya upande ule vilikuwa vimepewa notisi: asiyeleta pingamizi kabla ya saa kumi alasiri ya Alhamisi hatasikilizwa, na Jumatatu kibanda chake kinaondolewa. Fomu ya pingamizi ilitolewa moja kwa kila mtu, yenye namba nyekundu juu. Ukiiharibu unaomba nyingine kwa barua na unasubiri siku saba. Na Mzee Soli alikuwa ameikalia yake wiki mbili nzima.

Nilimuuliza alikuwa anangoja nini, mbingu ishuke? Akanijibu kwa ule utulivu wake unaoudhi kwamba alikuwa na viatu vya watu vya kumaliza. Kama ni kuondolewa, hakutaka kuondolewa na kiatu cha mtu kikiwa nusu. Nilimgombeza mpaka wifi akachungulia kutoka dukani kuona ninagombana na nani.

Nilimgombeza kwa sababu niliogopa. Mzee huyu alikuwa rafiki wa marehemu baba yangu. Viatu vyangu vyote vya shule vilipita mkononi mwake, na vingine vilipita mara nne. Kibanda chake kina miaka thelathini na tisa pale pembeni, kimeliona jengo tangu likiwa shimo la msingi, na nje ya kibanda hicho hana kazi nyingine wala hana pa kwenda kuketi mchana. Na yule aliyemwachia jozi yake Ijumaa, Jumatatu amtafute wapi? Saa mbili zilikuwa zimebaki.

Fomu ile ina visanduku tisa, na chenye uzito ni cha saba: Eleza sababu za pingamizi lako. Nikamwambia anieleze. Akafikiri kidogo.

"Andika kwamba mimi ni fundi viatu. Niko pale, watu wananijua. Wakinitoa, basi."

Nikamuuliza basi nini. Akasema basi, ndiyo imekwisha.

Sasa, maneno hayo huwezi kuyapeleka ofisini. Maneno ya ofisini lazima yavae koti na tai. Nikachukua karatasi ya kawaida na kalamu, nikaanza kuyatengeneza. Mimi ni fundi viatu niliyeuhudumia umma wa eneo hili kwa uaminifu kwa muda wa miaka thelathini na tisa, bila doa wala lawama. Nikaendelea hivyo, nikafuta, nikarudia, nikaingiza haki ya mwananchi na mchango wa mafundi wadogo katika ustawi wa mji. Kisanduku cha saba kina mistari kumi na minne, nami nilitaka kila mstari ufanye kazi. Ilinichukua karibu saa nzima, na nasema bila kujisifu kwamba sijawahi kuandika kitu kizuri kama kile. Nilipomsomea, Mzee Soli aliuliza huyo anayesemwa ni nani. Nikamwambia ni wewe. Akacheka, akasema hajawahi kukutana naye.

Saa tisa na dakika tano niliingiza fomu kwenye mashine, nikaweka rasimu kushoto kwangu, nikajaza visanduku sita vya mwanzo bila tatizo. Nilikuwa nimechapa mstari mmoja na nusu wa kisanduku cha saba nilipoviona vile viatu vinapanda ngazi za baraza.

Alikuwa mwanamume wa makamo, mpole, anapiga picha za jarida la wasafiri. Upole wake ndio ulioniponza. Mtu akikujia kwa ufidhuli unamfukuza na dhamiri yako inalala salama. Huyu aliniamkia, akamwamkia Mzee kwa heshima zote, akausifu mpangilio wa vitambaa vya wifi. Nikamweleza kwamba nina kazi inayotakiwa ofisini kabla ya saa kumi, arudi kesho. Akasema kesho anasafiri. Akasema jua linaanza kupiga kwenye vile vioo na litakaa pale muda mfupi tu, anaomba dakika kumi.

Kabla sijamjibu wifi alikuwa ameshatoka, na sijui aliupaka saa ngapi ule wanja. Mgeni njoo mwenyeji apone, akasema, na isitoshe baraza ni lake. Nikamgeukia Mzee Soli nikidhani yeye atakuwa upande wangu, maana kibanda kinachovunjwa si cha wifi.

"Mwache apige, binti," akasema. "Dakika kumi hazimuui mtu."

Watu wawili wameshasema, na mmoja ndiye mwenye fomu. Nikamwambia yule bwana: wewe piga, mimi nachapa, sisimamishi kazi. Akasema hicho hasa ndicho anachokitaka, mtu akiwa kazini.

Kumbe sivyo. Kwanza aliomba tugeuze meza, ili jengo liwe nyuma yangu. Tukaigeuza, mimi na Mzee huku na huku, mashine ikiwa juu na fomu ndani yake. Kisha akaiona kompyuta. Akauliza kama inaweza kukaa pembeni kidogo, inaharibu hisia. Nikamwambia ile kompyuta ndiyo inayonilisha, hii mashine ni ya manispaa. Akatabasamu, akasema anaelewa kabisa, na wifi akaifunika kompyuta kwa kitambaa. Printa ikaenda chini ya meza. Chupa yangu ya maji ikaenda dukani. Simu ikaenda mfukoni. Nilikuwa natazama maisha yangu yanavyofagiwa mezani kimoja kimoja, na kilichobaki kilikuwa kitu cha bibi yangu. Kama anataka usasa, nilimuuliza, mbona anauficha? Akanionyesha jengo kwa kidole, akasema usasa ni ule pale.

Baada ya hapo alimwomba wifi asogee ndani, kwa sababu gauni lake lilikuwa linang'aa mno. Wifi aliingia dukani na wanja wake. Hapo ndipo nilipocheka, mara moja tu siku ile nzima.

Kilichofuata ndicho kilichotumaliza. Alitaka Mzee Soli akae kwenye kiti cha mteja akisoma karatasi. Karatasi iliyokuwa karibu ilikuwa rasimu yangu. Akaichukua kutoka kushoto kwangu, akampa. Sikubisha, kwa kuwa yale maneno nilikuwa nimeshayashika kichwani, na kwa kuwa nilikuwa nimechoka kubisha.

Hapa lazima nieleze jambo moja la kazi yetu. Shuleni kwetu mwalimu wa taipu alikuwa anatufunika mikono kwa kitambaa, anasimama nyuma yetu na kusoma gazeti kwa sauti. Tulichapa tulichosikia. Mkono usikie, alikuwa anasema, kichwa kikalale. Nimeishi hivyo miaka yote hii. Mteja anasema, mikono inachapa, mimi nafikiria mboga ya jioni. Macho yangu yakiwa kwenye karatasi, mikono inafuata macho. Yakiondoka, inafuata masikio. Sijawahi kuiamuru, ndivyo ilivyofunzwa.

"Usiangalie mashine, mama," akasema yule bwana. "Niangalie mimi. Endelea kuandika."

Nikamwangalia. Nilimwangalia kwa chuki niliyokuwa nayo, na nadhani ndiyo aliyoipenda, kwa sababu alibofya mfululizo. Na alikuwa anasema muda wote, kama wasemavyo wote, hawa watu hawajui kupiga picha kimyakimya. Mikono yangu ilikuwa inakimbia. Kengele ya mwisho wa mstari inalia, narudisha, naendelea. Nilihesabu mistari kwa kengele, na ilipolia ya kumi na nne nilijiambia kwamba angalau kazi imekwisha na sijampa huyu bwana hata dakika moja ya Mzee Soli. Nilikuwa na kiburi kabisa.

Saa ilikuwa kumi kasoro dakika ishirini na mbili. Nikajaza visanduku viwili vilivyobaki, nikaivuta fomu, Mzee akatia sahihi pale nilipomwonyesha. Huwa sisomi tena nilichochapa. Kwa kawaida hakuna haja. Yule bwana alikuwa bado anatushukuru tulipokuwa tumeshafika chini ya ngazi.

Kutembea haraka na Mzee Soli ni kazi. Anasimama kutazama visigino vya watu. Kila mara nilimvuta mkono, naye kila mara aliniambia kwamba haraka haraka haina baraka, mpaka nikamwambia akirudia tena methali hiyo nitamwacha njiani. Tuliingia ofisini zikiwa zimebaki dakika kumi na moja. Mbele yetu palikuwa na watu wanne, dirisha moja, karani mmoja. Nikashusha pumzi. Kwa kukosa la kufanya, nikatazama fomu.

Mstari wa kwanza ulikuwa sawa. Wa pili ulianza vizuri. Halafu nikasoma hivi:

"na kuhamishwa kwangu kutakuwa usiangalie mashine mama niangalie mimi endelea kuandika hapo hapo kidevu juu kidogo vizuri sana mzee shika karatasi kama unasoma usicheke mzee wewe uwe na huzuni kidogo mama ndiye atabasamu hapana si hivyo tabasamu kama umekumbuka zamani"

Na kadhalika. Mistari kumi na miwili na nusu. Mwishoni kabisa, kwa herufi safi zisizo na kosa hata moja, iliandikwa: "nzuri sana nzuri sana moja tena ya mwisho".

Niliirudia mistari ile nikitumaini kwamba nimesoma vibaya. Nikatazama ya waridi, nikatazama ya njano, kaboni ilikuwa imefanya kazi yake sawasawa. Fomu nyingine ni siku saba, na Jumatatu ilikuwa baada ya siku nne. La kuvunda halina ubani. Nilimchukia yule bwana na upole wake. Nilimchukia wifi na baraza lake. Nilimchukia hata Mzee Soli kwa wiki zake mbili na dakika zake kumi. Lakini hao wote hawakuwa na mikono kwenye mashine. Aliyekuwa nayo ni mimi, fundi, ninayejivunia kutosoma tena.

Mzee Soli alikuwa anamweleza mtu wa mbele yetu kwamba kisigino chake cha kushoto kinaisha upande mmoja, abadilishe mwendo. Alikuwa na furaha. Alikuwa amepumzika kabisa, kwa sababu jambo lake lilikuwa mikononi mwa binti wa rafiki yake. Nikashindwa kumwambia. Watu watatu, wawili, mmoja. Kila aliyeondoka dirishani niliona kama ananisukuma mbele.

Karani alikuwa mama wa umri wangu, miwani ameipandisha kwenye paji la uso. Niliingiza fomu chini ya kioo kwa vidole viwili. Akahesabu karatasi, moja mbili tatu. Akalinganisha namba nyekundu na orodha yake. Akatazama kama sahihi ipo. Kisha akapitisha kidole kwenye kisanduku cha saba, kutoka juu mpaka chini.

"Kimejaa," akasema. "Kikiwa kitupu tunarudisha."

Akapiga muhuri mara tatu. Miwani haikushuka. Akachana ile ya njano, akampa Mzee Soli, akamwambia amepokelewa: kusikilizwa ni Jumatano saa tatu asubuhi, kila mtu dakika tatu, na kibanda hakiguswi mpaka siku hiyo ipite.

Nilifungua mdomo. Nilitaka kumwambia ashushe miwani asome. Nilitaka asome na akasirike, aniite mpumbavu, aitupe ile fomu, lakini asome. Miaka ishirini na saba! Nikamwona Mzee Soli anavyoishika ile karatasi kwa mikono miwili, nikaufunga mdomo. Funika kombe mwanaharamu apite. Nikamshukuru karani, nikatoka nje.

Mtu angesema nilipaswa kufurahi. Kwa Mzee nilifurahi, kweli. Lakini tulipofika kwenye ngazi za mbele nililazimika kukaa. Nilikuwa namfikiria mjane mmoja aliyekuwa anadai kiwanja chake, niliyemwandikia mara tatu, kila mara nikiamini kwamba safari ile sentensi zangu zitamlainisha mtu. Nilikuwa nawafikiria wote ambao niliamka asubuhi nikibadilisha neno moja katika fomu zao, nikidhani neno lile ndilo lililokuwa limekwamisha. Kumbe kule ndani walikuwa wanaangalia kama kisanduku kimejaa.

Mzee Soli akakaa kando yangu, akaninyooshea ile ya njano.

"Nisomee," akasema. "Miwani nimeiacha kibandani. Nisikie tulivyowaambia."

Ningeweza kumdanganya. Maneno yote nilikuwa nayo kichwani, koti na tai, ningeyatamka bila kukwama na asingejua. Nilifikia hata kusema "Mimi ni fundi viatu niliyeuhudumia umma," kisha nikaacha. Nikamweleza ukweli. Nilimsomea kilichokuwepo, neno kwa neno, kidevu na tabasamu na zamani. Nilimwambia samahani mara tatu au nne.

Kisha mabega yakaanza kumtikisika, na akacheka. Alicheka mpaka akashika chuma cha ngazi, akauliza kwa hiyo manispaa wamekigongea muhuri kidevu chako, akacheka tena mpaka machozi. Watu waliokuwa wanatoka ofisini walitutazama. Mimi sikuona cha kuchekesha. Mwishowe akafuta macho kwa kiganja, akapumua.

"Basi, binti, hata yale mazuri wasingeyasoma."

Hakuwa na nia mbaya. Alikuwa anawaza tu kwa sauti, kama mtu aliyekipindua kiatu akaona palipotoboka. Nilitaka kumbishia. Nilitaka kumtajia hata mtu mmoja ambaye barua yangu ilisomwa na ikabadilisha kitu, na nilipotafuta sikumpata haraka, na kutompata kuliniuma kuliko ile fomu.

Kwa hiyo nilifanya ninachofanya nikiumia, nikashika kazi. Nikamwambia sawa, karatasi hawasomi, lakini Jumatano masikio watakuwa nayo. Dakika tatu zinatosha. Maneno ninayo. Atayashika moja moja, mimi nitamsikiliza kila siku baada ya kazi, na tunaanza sasa hivi hapa hapa. Akasema haya.

"Mimi ni fundi viatu," akaanza. "Niko pale..."

Nikamkatiza. Niliyeuhudumia umma wa eneo hili. Akasema niliyehudumia umma. Nikamwambia niliyeuhudumia. Akarudia. Kwa uaminifu, nikasema, kwa muda wa miaka thelathini na tisa. Alianza kwenye miaka, akasahau uaminifu. Nikamrudisha mwanzo. Nikamwambia asiseme akitazama chini, atawatazama wao. Ainue sauti. Mikono isikunjwe, itulie juu ya meza. Asicheke, hata mmoja wao akicheka. Awe na uzito, waone kwamba amedhulumiwa. Na siku hiyo asije na aproni. Atafute shati jeupe, mimi nitampigia pasi. Akauliza aproni ina kosa gani. Nikamwambia hiyo inaharibu, watamwona mtu wa kibandani, na nikashika fundo lake kiunoni nimwonyeshe jinsi anavyopendeza bila hiyo, aanze tena, niliyeuhudumia umma.

Hakuanza. Alinitazama vidole, kisha akanitazama usoni, bila hasira hata kidogo.

"Binti," akasema, "hata wewe unanipanga?"

Nyuma yetu mlinzi alikuwa anafunga geti la manispaa na anatuomba tupishe ngazi. Nilimsikia vizuri. Lakini nilikaa pale pale, fundo la aproni likiwa mkononi mwangu, nusu nimeshalifungua.